Kuutembeza Muziki Katika Vilabu vya Dansi

Somo la leo ni la wanafunzi wote mliokusanyika darasani jioni hii, Manyoni, Itigi, Ikungi, Iramba, Mkalama na Singida mjini. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: ROBO na ROBO TATU. Tutayahitaji baadaye.

Leo nataka kuwaelezeni habari za wapiga muziki wanaokwenda kutoka kilabu hata kilabu ili wajulikane. Huenda wewe unapiga gita au ngoma. Huenda ndugu yako ana bendi, au wewe ni mjumbe wa kamati ya ukumbi. Basi somo hili ni lako.

Mwimbaji hujulikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni sauti yake kumtangulia. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay, Uhindi, kutiwa sauti katika santuri, na santuri zile zikafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Baadaye redio ilifanya kazi hiyo hiyo.

Njia ya pili ni kwenda mwenyewe. Kila bendi ilikuwa na mji wake: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz zilikuwa za Morogoro, na Kiko Kids na Tabora Jazz zilikuwa za jirani zetu wa Tabora. Lakini bendi ikikaa nyumbani tu, watu wa nyumbani huichoka. Ndiyo sababu bendi hufunga vyombo vyake ikaenda kupiga katika miji mingine. Mtu akisikia wimbo redioni huupenda, lakini akiucheza mpaka jasho likamtoka, hamsahau mpigaji. Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz walifika hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970.

Sasa, kazi hii yafanywaje? Bendi haiendi mahali kama mvua isiyotazamiwa. Mtu mmoja hutangulia. Yeye hutazama ukumbi: je, una umeme? Mlango ni mmoja au miwili? Watu wangapi waweza kucheza bila kukanyagana? Huuliza siku ya mnada na siku ya mshahara, kwa kuwa mtu asiye na senti mfukoni hacheza dansi. Wakulima wa alizeti na vitunguu huwa na fedha baada ya kuuza mavuno, si wakati wa kupalilia. Kisha hubandika matangazo, na siku yenyewe gari lenye kipaza sauti hupita mitaani kupiga debe. Na kabla ya hayo yote hukaa na mwenye kilabu wakapatana. Hapo ndipo penye hatari.

Sikilizeni jambo nililoliona kwa macho yangu katika mji mmoja wa mkoa huu. Bwana mmoja alikuwa na bendi ya vijana sita, naye alipiga gita vizuri sana. Alipatana kwa mdomo na kilabu kimoja kwamba bendi itachukua robo tatu ya kiingilio, na kilabu robo. Kisha akaletewa karatasi. Hakujua kusoma, akaona haya kusema hivyo mbele ya vijana wake, akatia dole gumba. Usiku ule ukumbi ulijaa, watu wakacheza mpaka jogoo la kwanza. Asubuhi akahesabiwa fedha zake: robo tu. Alipopiga kelele alionyeshwa karatasi. Iliandikwa wazi, "Kilabu robo tatu, bendi robo." Mwenye nyumba ya wageni alitaka fedha yake, na mwenye lori alitaka yake. Gita likabaki rehani. Nilimwona bwana yule akitoka mlangoni mikono mitupu, asijue aiweke wapi mikono yake.

Hebu tufanye hesabu, tujue tofauti ya maneno yale mawili ubaoni. Tuseme wameingia watu 150, na kila mtu ametoa Sh. 2,000. Jumla ni Sh. 300,000. Robo yake ni Sh. 75,000. Robo tatu ni Sh. 225,000. Tuseme lori ni Sh. 120,000, na chakula na malazi ni Sh. 60,000. Gharama zote ni Sh. 180,000. Bendi ikipata robo tatu, hubaki Sh. 45,000, na kila mpigaji kati ya wale sita hupata Sh. 7,500. Si nyingi, lakini amerudi kwao na heshima yake. Bendi ikipata robo, ina deni la Sh. 105,000. Neno moja, "tatu", ndilo lililochukua gita.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mapatano yaandikwe kabla ya siku ya dansi, nakala mbili. Yataje mambo haya: tarehe, kiingilio, sehemu ya kila upande, nani alipa lori na malazi, nani asimama mlangoni kuhesabu tikiti, na vyombo ni vya nani. Jambo la mwisho si dogo. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, na wapigaji walilipwa mshahara. Anayeondoka katika bendi ya namna hiyo huondoka na vidole vyake tu.

Tena, kabla hujautembeza wimbo wako, uandikishe katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Wimbo mtamu ukisikika kilabuni leo, kesho una wenyewe wengi.

Na msisafiri usiku na dereva aliyekesha dansini. Salum Abdallah mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote wawili tuliwapoteza kwa ajali za gari.

Bwana yule wa gita je? Alijiunga na darasa kama hili lenu. Gita alilikomboa baada ya mavuno mawili. Siku hizi, kabla ya kutia sahihi, huwasomea vijana wake karatasi nzima kwa sauti, polepole, kidole chake kikifuata mstari. Wala haoni haya mtu akimngoja.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini mtu mmoja hutangulia bendi?
2. Wakiingia watu 80 kwa Sh. 2,000, robo ni kiasi gani? Robo tatu je?
3. Andikeni pamoja mapatano ya dansi moja katika kijiji chenu. Kila mmoja asome mstari mmoja kwa sauti.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.