Kalamu ya Katibu na Mashine Inayotunga

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa katika mafunzo ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lililoingia katika ofisi zetu bila kubisha hodi, nalo ni akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Tangu mwezi Novemba 2022, ilipotolewa kwa umma programu iitwayo ChatGPT, mtu mwenye simu na intaneti aweza kuagiza barua, taarifa au muhtasari wa mkutano, na kazi hiyo ikawa tayari kabla chai haijachemka. Wapo makatibu wanaoitumia, wengine kwa siri. Ni afadhali tulizungumze jambo hili waziwazi.

Mabadiliko ya vifaa si mageni kwetu. Ofisi za ushirika zilianza na daftari na kalamu ya wino. Zikaja mashine za kuchapa, karatasi za kaboni na stensili. Kisha zikaja kompyuta. Kila kifaa kilipunguza kazi ya mkono. Lakini vyote vilifanana kwa jambo moja, kwamba havikutunga. Mashine ya kuchapa iliandika kile alichokusudia karani, pamoja na makosa yake. Mashine hii mpya hutunga yenyewe, na hapo ndipo ilipo tofauti.

Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, ikajifunza ni neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza, hukupa maneno yanayofaa kukaa mahali pale, wala si lazima yawe ya kweli. Mwaka 2023, mawakili wawili wa New York pamoja na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja hukumu ambazo hazikupata kutolewa. Mashine ilizibuni, nao hawakuzihakiki.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani. Tuseme mkutano mkuu umejadili nyongeza ya makato ya shilingi 50 kwa kila kilo ya kahawa. Wanachama 61 wameunga mkono na 38 wamepinga. Katibu amechoka, ameandika vidokezo vichache, akavitia katika mashine, nayo ikatoa muhtasari wenye lugha safi kuliko yake. Ndani yake yamo maneno haya: wajumbe walikubaliana kwa kauli moja. Yametoka wapi? Yametoka katika mihtasari elfu nyingi iliyokwisha kuandikwa hivyo. Sentensi ni nzuri, lakini ni ya uongo, na wale 38 wamefutwa katika kumbukumbu za chama chao wenyewe. Mwakani wakidai kwamba walipinga, watafunguliwa daftari, na daftari litawashinda.

Ndugu Makatibu, kazi yenu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kuandika. Ya pili ni kushuhudia. Mashine yaweza kuandika, tena upesi. Haiwezi kushuhudia, kwa kuwa haikuwapo mkutanoni, wala haikuwapo kwenye mizani mkulima alipolalamikia uzito wa gunia lake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisilo na shahidi ni hatari vilevile.

Mfano mzito uko Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilitumia mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon. Huo haukuwa akili unde, lakini fundisho lake ni letu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta wakaambiwa kwamba kompyuta haikosei. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro za mfumo huo mwaka 2019, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Wasimamizi waliiamini mashine kuliko binadamu mwenzao, na hilo liliwagharimu wasio na hatia.

Je, makarani watapoteza kazi? Shirika la Kazi Duniani, katika utafiti wake wa mwaka 2023, lilieleza kwamba kazi za ukarani ndizo zinazoguswa zaidi na teknolojia hii: asilimia 24 ya majukumu yake huguswa kwa kiwango kikubwa, na asilimia 58 kwa kiwango cha kati. Lilieleza pia kwamba wanawake wataguswa zaidi, kwa kuwa ni wengi katika kazi hizo. Kwa hiyo hofu ya makarani wetu si ya bure, na bodi isiidharau. Lakini chama kinachomwondoa karani ili kuokoa mshahara kijiulize ni nani atakayegundua kosa. Na kijana ambaye hakupata kuandika muhtasari kwa mkono wake, atajulia wapi kuusahihisha? Makatibu wa kesho hufunzwa na kazi ndogo ndogo za leo.

Sishauri tuikatae mashine. Itatusaidia kunyoosha barua, kufupisha nyaraka ndefu na kuandaa rasimu, ili katibu apate muda wa kuwasikiliza wanachama. Nashauri tu bodi zenu ziweke masharti manne.

Kwanza, orodha ya wanachama, akaunti zao na madeni yao visiingizwe katika programu za nje. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siri ya mwanachama ni amana.

Pili, kila tarakimu ilinganishwe na stakabadhi au leja kabla ya kutiwa sahihi.

Tatu, vidokezo vya mkutano vilivyoandikwa kwa mkono vihifadhiwe katika faili pamoja na muhtasari, na muhtasari usomwe kwa sauti katika mkutano unaofuata kabla ya kuthibitishwa.

Nne, pale mashine ilipotumika, isemwe. Tena asiwepo mtu wa kujitetea kwamba kosa ni la mashine. Aliyetia sahihi ndiye atakayejibu.

Ndugu zangu, mwanachama anapoacha kahawa yake ghalani na kuondoka na kipande cha karatasi, huwa ameamini kwamba yupo mtu aliyeona na atakayesema kweli akiulizwa. Mtu huyo ni wewe, Katibu. Kalamu waweza kuiazima popote; ushahidi wako usimwachie mwingine.