Papasi na Wapishi Wake

Wazee wetu wa Bariadi wamjua papasi pasipo kufundishwa na mwalimu. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo. Usiku hutoka, huwanyonya watu waliolala, kisha hurudi ufani. Aweza kukaa miaka pasipo kula. Tena ndiye aletaye homa ya papasi, ile imwachayo mgonjwa akadhani amepona, kisha ikamrudia. Ni ya hatari hasa kwa mama mwenye mimba na mtoto mchanga. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Dutton aliichunguza homa hiyo katika Kongo, nayo ikamwua huko huko.

Lakini leo nataka kusema habari za chakula. Maisha yake yote papasi hali kitu ila damu. Damu ni chakula chenye nguvu, walakini vitamini za jamaa ya B ni haba mno ndani yake. Sisi twazipata katika maharage, mboga, maziwa na nyama. Papasi azipata wapi?

Azipata kwa wapangaji wake. Ndani ya mwili wake wamo bakteria waitwao Fransisela, wadogo wasioonekana kwa macho. Msiwachanganye na wale waletao homa. Hao huitwa Borelia, ni wageni wengine kabisa. Fransisela hupewa makao, nao humtengenezea mwenyeji biotini, riboflavini na asidi ya foliki. Mama huwarithisha wanawe katika mayai, hata kila papasi huzaliwa pamoja na wapishi wake. Kupe wengi wa ng'ombe nao wana wapangaji wa namna hii, ila wa kabila lingine.

Mwaka 2018 wataalamu, Olivier Duron wa Ufaransa miongoni mwao, walieleza jaribio lao. Waliwaondoa Fransisela kwa dawa. Papasi wachanga walipata damu, wakashindwa kukua hata kuwa wakubwa. Walipoongezewa vitamini B, wakaendelea kukua.

Mwanafunzi mmoja ataniuliza: Mbona tusiwape papasi wote dawa hiyo? Swali jema, lakini ni nani atakayemfuata papasi ufani na kijiko? Dawa ya kuua bakteria twampa mgonjwa, nayo humponya homa akiwahi zahanati. Papasi mwenyewe twamnyima nyumba: nyufa zizibwe, sakafu itiwe saruji kwa awezaye, na mtoto asilazwe chini, bali kitandani, mbali na ukuta.