Tovuti Inapotoweka Katika Utafutaji: Namna ya Kuirudisha Mbele ya Mwananchi

Mazungumzo haya yanahusu tovuti ya umma inayotoweka ghafla katika majibu ya utafutaji wa intaneti kwa sababu ya kosa la kiufundi, na hatua zinazofuatwa ili kuirudisha.

Jambo hili laweza kusikika kama la mafundi wa kompyuta peke yao. Sivyo. Mwananchi anayetaka utaratibu wa leseni ya biashara, tangazo la ajira au maelekezo ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mara nyingi haikumbuki anwani ya tovuti ya halmashauri. Hufungua simu, huandika maneno mawili matatu kwenye Google, kisha hugusa jibu la kwanza linalotokea. Tovuti isipokuwamo katika majibu hayo, kwake ni sawa na ofisi iliyofungwa, ingawa ndani taa zinawaka na watumishi wapo.

Hasara yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya wakati. Tangazo lenye muda wa wiki mbili likikosekana kwa wiki tatu, limekosekana kabisa. Aliyestahili kuomba hakuomba. Ya pili ni ya usalama. Nafasi iliyoachwa na tovuti halali haibaki tupu. Hujazwa na habari za zamani, uvumi, na wakati mwingine tovuti bandia inayoomba ada au namba ya siri ya simu. Kwa hiyo kurejesha tovuti katika utafutaji ni sehemu ya kutoa huduma, kama kufungua dirisha la ofisi saa moja na nusu asubuhi.

Ili kulielewa kosa, ni vyema kwanza kufahamu kazi ya mtambo wa utafutaji. Google, Bing na mitambo mingine haisomi intaneti nzima wakati mtu anapouliza swali. Ina programu ziitwazo roboti, ambazo huzunguka usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Ukurasa uliosomwa na kukubaliwa huandikwa katika faharasa, mfano wa daftari kubwa la masjala linaloonyesha kila jalada liko kabati gani. Mwananchi anapouliza, jibu hutoka katika daftari hilo. Ukurasa ambao haumo hauwezi kutajwa, hata uwe na habari muhimu kiasi gani.

Makosa yanayoitoa tovuti katika daftari hilo ni mengi, lakini matatu hujirudia zaidi.

La kwanza ni la faili dogo liitwalo robots.txt. Desturi ya kuliweka faili hilo ilipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, na mwaka 2022 ikachapishwa kama kiwango cha intaneti. Faili hilo huzieleza roboti mahali pa kupita na mahali pa kutopita. Mstari wenye neno Disallow na alama moja ya mkwaju (/) baada yake humaanisha kwamba roboti zisipite popote. Mafundi huuweka kwa makusudi wakati tovuti mpya inajengwa, ili kazi isiyokamilika isitangazwe. Kosa hutokea siku ya uzinduzi, tovuti inapohamishiwa kwenye seva ya kudumu pamoja na katazo lile lile. Kila anayeijua anwani huifungua bila shida, uzinduzi hufanyika kwa shangwe, na roboti hukuta mlango umefungwa.

La pili ni amri iitwayo noindex, ambayo huandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Amri hii huuzuia ukurasa usiingie katika daftari, na kama ulikuwamo tayari, huondolewa roboti inapourudia. Mifumo mingi ya kutengeneza tovuti huiweka kwa kitufe kimoja tu, na kitufe hicho ni rahisi kusahaulika.

La tatu ni kubadilisha anwani za kurasa bila kuacha maelekezo. Tovuti ikijengwa upya, ukurasa wa leseni za biashara huweza kupata anwani mpya, wakati Google, magazeti na ujumbe wa WhatsApp vinaendelea kuelekeza kwenye ile ya zamani. Anayefuata kiungo cha zamani hukutana na namba 404, yaani ukurasa haupatikani. Roboti nayo hukutana na namba hiyo hiyo, na baada ya kurudi mara kadhaa huufuta ukurasa katika daftari.

Makosa haya hayachagui mdogo wala mkubwa. Tarehe 31 Januari 2009, kampuni ya Google yenyewe ilipokuwa ikisasisha orodha ya tovuti zenye madhara, alama ya mkwaju iliingizwa kimakosa katika orodha hiyo ikiwa peke yake. Kwa kuwa alama hiyo imo katika kila anwani, mtambo ulizihesabu tovuti zote za dunia kuwa hatari, na karibu kila jibu likatoka na onyo kwamba linaweza kudhuru kompyuta. Hali hiyo ilidumu kwa muda usiofikia saa moja, na kampuni ikaeleza hadharani kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu. Wepesi wa kuligundua kosa ndio uliopunguza madhara yake.

Basi hatua ya kwanza ya kurejesha tovuti ni kuchunguza kabla ya kugusa chochote. Google hutoa bila malipo chombo kiitwacho Google Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti idadi ya mara ambazo kurasa zake zimeonekana katika majibu na idadi ya waliozifungua, kwa muda wa miezi 16 iliyopita. Takwimu zikiporomoka kwa siku moja, dalili ni ya kosa la kiufundi, na tarehe hiyo hulinganishwa na kazi zilizofanywa kwenye tovuti wiki hiyo. Zikishuka polepole kwa miezi, sababu huwa nyingine, kama kurasa kuchakaa au wananchi kuuliza mambo mapya. Na kama zilishuka mwezi huo huo mwaka uliopita, huenda ni msimu tu.

Mafundi wanapaswa pia kuuliza maswali mawili zaidi. Je, wanaotoka Bing wamepungua kama wanaotoka Google? Wakipungua wote kwa pamoja, kosa liko nyumbani, si kwa jirani. Je, wageni wamepungua kweli, au ni programu ya kuwahesabu iliyoondolewa kimakosa tovuti ilipojengwa upya? Wakati mwingine gunia lina uzito wake ule ule. Kilichoharibika ni mizani.

Hatua ya pili ni kuliondoa kosa lenyewe, na hapa ipo hatari inayowanasa wengi. Ukurasa ukiwa na amri ya noindex na wakati huo huo umezuiwa kwa robots.txt, kuifuta noindex peke yake hakutoshi. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuingia na kuona kwamba katazo la ndani limeondolewa. Mlango hufunguliwa kwanza, ndipo ya ndani yaonekane. Ikumbukwe pia kwamba Google huweza kuendelea kuitumia nakala yake ya robots.txt kwa muda wa hadi saa 24, hivyo kutoona mabadiliko jioni ile ile si ushahidi kwamba marekebisho yameshindwa.

Pale ambapo kosa ni la anwani, kila anwani ya zamani hufungwa kwa maelekezo ya kudumu yenye namba 301, yanayompeleka mgeni moja kwa moja kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Kuwapeleka wote kwenye ukurasa wa mwanzo si suluhisho. Ni kama kumwambia aliyekuja kwa mganga mkuu arudi getini akaanze upya. Anwani za zamani zikisahaulika, hupatikana katika kumbukumbu za seva, katika Search Console, na katika Wayback Machine, hifadhi ya umma ya kurasa za zamani inayotunzwa na Internet Archive ya Marekani.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ulifanywa na Serikali ya Uingereza. Tarehe 17 Oktoba 2012, tovuti ya GOV.UK ilichukua rasmi nafasi ya tovuti mbili kubwa za huduma za umma, Directgov na Business Link. Kabla ya siku hiyo, anwani za zamani ziliorodheshwa na kupangiwa mahali pa kwenda, na mpango huo ukajaribiwa kwa programu. Anwani ambazo hazikuwa na ukurasa mpya hazikuachwa zikatoa 404. Zilitoa taarifa kwamba ukurasa umeondolewa, na wasomaji wakaelekezwa panapofaa. Msingi wake ni kwamba mwananchi aliyehifadhi kiungo cha Serikali hana kosa, na hapaswi kuadhibiwa kwa sababu Serikali imehamisha makabati.

Hatua ya tatu ni kuufahamisha mtambo wa utafutaji. Ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani zote zinazotakiwa kusomwa, huwasilishwa kupitia Search Console. Kurasa zenye uzito kwa wananchi, kama za leseni, mikopo, ajira na afya, huombewa moja moja zisomwe upya. Kisha viungo vya ndani hukaguliwa, ili ukurasa wa mwanzo uzielekeze roboti na wasomaji kwenye kurasa hizo bila mzunguko.

Hatua ya nne ni subira yenye kumbukumbu. Kosa dogo likirekebishwa mapema, kurasa muhimu huweza kurudi baada ya siku chache. Tovuti ya kiasi iliyobadilisha anwani zake zote huhitaji wiki kadhaa kabla ya kurasa nyingi kuandikwa upya. Ushauri wa Google ni kwamba maelekezo ya namba 301 yadumu angalau mwaka 1. Katika kipindi hicho, kila badiliko liandikwe tarehe, na mabadiliko makubwa mengine yasifanywe. Anayebadilisha mambo kumi kwa wakati mmoja hatajua lipi lilimponya na lipi lilimrudisha nyuma.

Yapo pia mambo ya kuepukwa. Tovuti isihamishwe tena kwa haraka kwa kuwa matokeo yamechelewa. Kurasa zisifutwe kwa kudhaniwa kuwa ndizo zilizoleta mkosi. Na fedha za umma zisilipwe kwa mtu anayeahidi nafasi ya kwanza kwenye Google, kwa maana nafasi hiyo katika majibu ya kawaida hainunuliwi, na hakuna awezaye kuitolea dhamana.

Ndugu wananchi, wakati mafundi wanafanya sehemu yao, ipo sehemu ya kila mmoja.

Kwanza, anwani ya tovuti ya halmashauri iandikwe na kutunzwa, kwenye simu na kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji. Anayeijua anwani hahitaji ruhusa ya mtambo wa utafutaji ili afike.

Pili, anwani ikaguliwe kabla ya kujaza taarifa yoyote. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania hutumia .go.tz. Baada ya alama za https://, anwani isomwe hadi mkwaju unaofuata. Herufi za mwisho kabla ya mkwaju huo ziwe.go.tz. Zikionekana mwanzoni au katikati, kisha zikafuatwa na maneno mengine kama .com, hiyo si tovuti ya Serikali, hata ikiwa na nembo ya Taifa.

Tatu, kiungo kisichofunguka kitolewe taarifa. Mwananchi apige picha ya skrini inayoonyesha anwani na saa, aipeleke kwa Mtendaji wa Kata au Kitengo cha Mawasiliano Serikalini cha halmashauri. Picha moja ya namna hiyo huweza kumwokolea fundi siku nzima ya kutafuta.

Nne, anayekosa tangazo mtandaoni asihitimishe kwamba halipo, wala asimwamini wa kwanza anayejitokeza kulieleza. Aulize ofisi ya kata. Mbao za matangazo na mikutano ya vijiji havikufutwa na ujio wa intaneti, na siku ambayo tovuti haionekani ndiyo siku ambayo ofisi hizo zinapaswa kuwa na nakala ya kila tangazo ambalo muda wake haujaisha.

Tovuti iliyopotea katika utafutaji huweza kurudi, kwa kuwa habari zake hazikupotea. Zilifungiwa mlango tu. Lakini tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri roboti. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa robots.txt, wa noindex na wa anwani za zamani ufanywe kabla ya uzinduzi wa tovuti yoyote ya umma, uandikwe katika orodha ya makabidhiano kati ya fundi na ofisi, na urudiwe siku inayofuata uzinduzi.