Sosi Tamu ya Kichina Bila Chumvi Nyingi

Leo mazungumzo yetu yataingia jikoni. Tafuta kalamu na karatasi, maana kuna vipimo utakavyotaka kuandika. Tutatengeneza sosi ya Kichina, ile yenye utamu na chumvi kwa pamoja, inayomiminwa juu ya kuku, mboga au tambi.

Huenda ukajiuliza, sosi inahusu nini na afya? Inahusu sana. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Mtu anaweza kukaa nao miaka mingi bila kujua, hadi siku anapopata kiharusi, au moyo na figo zinapoanza kushindwa kufanya kazi. Na moja kati ya mambo yanayopandisha shinikizo la damu ni chumvi nyingi katika chakula.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, bila kukijaza kupita kiasi. Kijiko hicho ni cha siku nzima, na ndani yake mna chumvi ya mkate, ya mchuzi, ya ugali wa watu wanaotia chumvi kwenye maji, na ya vitu vya pakiti.

Sasa tatizo ni hili. Mgonjwa anaambiwa kliniki apunguze chumvi. Anarudi nyumbani na kuanza kupikiwa chakula chake peke yake, kabeji iliyochemshwa isiyo na ladha. Watu wengine mezani wanakula kitamu, naye anatazama. Baada ya wiki mbili anachoka na kurudi kwenye sufuria ya wote. Ndiyo maana tunahitaji chakula chenye chumvi kidogo ambacho nyumba nzima itakifurahia, mgonjwa na asiye mgonjwa.

Msikilizaji, hebu tuijue kwanza sosi yenyewe. Kusini mwa Uchina, katika mkoa wa Guangdong, kuna sosi nzito ya rangi ya kahawia iitwayo hoisin. Jina hilo kwa lugha ya Kikantoni lina maana ya vyakula vya baharini, lakini ndani yake kwa kawaida hamna samaki. Hutengenezwa kwa soya iliyochachushwa, sukari, siki, kitunguu saumu, pilipili na viungo vya kunukia. Sosi ya soya nayo, ile nyeusi na nyepesi kama maji, hutokana na soya na ngano zilizochachushwa kwa msaada wa kuvu maalumu, kisha zikalowekwa katika maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Kuchachuka huko ndiko kunakoleta ladha nzito kama ya supu ya mifupa. Ladha hiyo, ikisaidiwa na ukali wa siki na harufu ya tangawizi, huufanya ulimi uridhike hata chumvi ikiwa kidogo. Hiyo ndiyo faida tunayoitafuta leo.

Lakini tahadhari! Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya ya kawaida kina zaidi kidogo ya gramu 2 za chumvi. Hiyo ni karibu nusu ya kipimo cha siku nzima! Kwa hivyo anayemimina sosi hiyo kutoka kwenye chupa bila kupima anaweza kumaliza chumvi yake ya siku kwa sahani moja. Tena usidanganyike na neno la Kiingereza "light" kwenye chupa ya Kichina. Mara nyingi linaeleza rangi tu, na huenda sosi hiyo ikawa na chumvi kuliko ile nyeusi zaidi. Soma karatasi ya chupa utafute kiasi cha sodiamu. Ukizidisha sodiamu mara 2.5 unapata chumvi. Kwa mfano, miligramu 900 za sodiamu ni sawa na gramu 2 na robo za chumvi.

Haya, sasa tuandike. Vipimo hivi ni vya watu 5.

Sosi ya soya, vijiko vikubwa 2.
Maji safi, vijiko vikubwa 8.
Siagi ya njugu isiyotiwa chumvi, vijiko vikubwa 2.
Asali, kijiko kikubwa 1. Kama huna asali, tumia sukari ya kahawia kiasi hicho hicho.
Siki, kijiko kikubwa 1.
Kitunguu saumu, punje 2 zilizopondwa.
Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kilichokunwa.
Wanga wa mahindi, ule wa kuongezea mchuzi uzito, kijiko kidogo 1, uliokorogwa katika vijiko vikubwa 2 vya maji baridi.
Mafuta ya kupikia, kijiko kidogo 1.
Mwisho, mdalasini na karafuu za unga, kiasi cha kushika kwa vidole viwili tu. Pilipili ni kwa anayeipenda.

Narudia yale makuu: soya 2, maji 8, siagi ya njugu 2, asali 1, siki 1. Chumvi ya kawaida, hakuna hata chembe.

Namna ya kutengeneza. Kwanza, weka siagi ya njugu katika bakuli, utie sosi ya soya, asali na siki, kisha ukoroge. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga ili isifanye madonge. Pili, pasha mafuta katika sufuria kwa moto mdogo, utie kitunguu saumu na tangawizi. Nusu dakika inatosha, harufu ikipanda tu. Kitunguu saumu kikiungua, sosi yote itakuwa chungu. Tatu, mimina mchanganyiko wako, utie mdalasini, karafuu na pilipili. Ikianza kutokota, koroga tena ule wanga, maana hutulia chini, kisha umimine huku mwiko ukizunguka. Usitie wanga mkavu kwenye sosi ya moto, utapata madonge. Endelea kukoroga kwa dakika 1 au 2. Sosi ikishika mgongo wa kijiko, iko tayari. Kila mtu atapata kama vijiko vikubwa 3.

Tupige hesabu pamoja. Vijiko 2 vya sosi ya soya vina kama gramu 4 na nusu za chumvi. Tukigawa kwa watu 5, kila mmoja anapata chini ya gramu 1. Asali nayo, kila mtu anapata chini ya kijiko kidogo kimoja.

Utaila na nini? Katakata kabeji, karoti na pilipili hoho, uzikaange upesi kwa mafuta kidogo na moto mkali, zibaki na ukakamavu. Ongeza vipande vya kuku, mayai, au maharagwe yaliyochemshwa bila chumvi. Mimina sosi mwishoni, ugeuze mara mbili tatu, upakue na wali au ugali. Na hapa ndipo wengi hukosea: sosi hii inachukua nafasi ya chumvi, haiongezwi juu yake. Usitie tena chumvi, wala vidonge vya supu, wala unga wa pakiti wa kukolezea mchuzi. Ukitia, kazi yote imeharibika.

Kabla sijamaliza, kuna mambo ya kuangalia. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata iliyopikwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu hatari kwake. Mwenye kisukari akumbuke kwamba asali pia ni sukari. Apunguze hadi kijiko kidogo 1 kwa sufuria nzima. Mtu anayedhuriwa na njugu, soya au ngano asiile sosi hii. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu asiziache eti kwa sababu amepunguza chumvi. Dawa na chakula husaidiana.

Kuhusu kuhifadhi, sosi iliyobaki itie katika chupa safi yenye kifuniko na uiweke kwenye friji. Itumie ndani ya wiki moja. Chota kwa kijiko safi. Kama huna friji, tengeneza ya mlo mmoja tu. Usiiache sufuriani hadi asubuhi, kwa kuwa sosi hii ina maji mengi na chumvi kidogo, hivyo huharibika haraka kuliko ya dukani.

Basi msikilizaji, shika mambo matatu. Pima sosi ya soya kwa kijiko, usimimine. Sosi ikiingia, chumvi itoke. Na wote nyumbani wale chakula kimoja, ili mgonjwa asijione ametengwa. La mwisho, kama una zaidi ya miaka 18 na hujapimwa shinikizo la damu karibuni, pita katika kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe. Ni shughuli ya dakika chache.