JARIDA CHINI YA MTO

 

Tuseme leo, ukitandika kitanda cha binti yako wa miaka 14, umepata jarida la vijana chini ya mto. Ndani kuna mitindo, hadithi za mapenzi na barua za wasichana. Utafanya nini? Wengi wetu tungelichana na kumgombeza. Lakini hataacha kusoma. Ataacha kukuuliza wewe.

Kwanza, fahamu kwamba majarida si mamoja. Lipo linalomwambia msichana kwamba thamani yake ni kupendwa na mvulana: avae vipi, afanye nini asiachwe. Akilizoea, ataona kukataa ni kosa. Lipo pia linalomsaidia. Straight Talk lilianza Uganda mwaka 1993, na Femina nchini Tanzania mwaka 1999. Yaliwajibu vijana maswali yao juu ya mwili, mapenzi na ukimwi. Hapa Kenya, Shujaaz lilianza mwaka 2010 kwa hadithi za katuni.

Pili, soma naye. Muulize: "Huyu msichana alitaka nini? Mbona hakusema?" Kisha mfundishe maneno mafupi: "Sitaki. Niache. Naenda nyumbani." Ayaseme kwa sauti, mbele yako.

Baadhi ya akina mama huona huo ni utovu wa adabu. La, mama. Heshima si kunyamaza. Msichana aliyefunzwa kunyamaza mbele ya kila mkubwa, atanyamaza hata mbele ya mkubwa anayemshika vibaya. Dini yetu yenyewe inataka msichana aulizwe kabla ya nikahi. Basi sauti yake ina uzito. Nayo Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18.

Tatu, akikueleza kwamba amelazimishwa, usimlaumu. Mpeleke hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Unaweza pia kupiga simu 116, laini ya kuwasaidia watoto, bila malipo.

Mama, mficha uchi hazai. Jarida lirudishe chini ya mto, kisha jioni, mkipika chai, anza kwa swali moja tu.

Hadi tukutane tena, maasalama.