Jani Kwanza: Kilimo Bora na Ufugaji wa Viwavi wa Hariri Masasi na Newala



Nimeombwa nieleze namna kilimo bora kinavyoweza kukuza ufugaji wa viwavi wa hariri katika wilaya zetu za Masasi na Newala. Nitaanzia shambani, maana hesabu ya hariri ni hesabu ya majani. Ili kupata kilo 1 ya vifukofuko, yale maganda ya nyuzi ambayo kiwavi hujizungushia kabla ya kugeuka nondo, zinahitajika takriban kilo 20 za majani ya mforosadi. Kasha moja la mayai 20,000 likianguliwa, viwavi wake humaliza karibu nusu tani ya majani kwa muda wa siku 25 hadi 28. Zaidi ya asilimia 80 ya chakula hicho huliwa katika wiki ya mwisho, baada ya kiwavi kujivua ngozi mara ya nne. Wiki hiyo kaya hutakiwa kuvuna karibu kilo 60 za majani kila siku, iwe mvua inanyesha au kuna msiba kwa jirani. Aliyenunua mayai kabla ya kuotesha shamba amenunua hasara.

Wilaya hizi hutajwa kwa pumzi moja, lakini ardhi zake hazifanani. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na mchanga wake hunywa mvua yote. Maji yako chini mno, ndiyo maana akina mama wa vizazi vingi waliteremka mabondeni na kupanda tena na mzigo kichwani, na ndiyo maana hata leo maji ya chanzo cha Mitema husukumwa kwa mashine kupandishwa juu. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe, na ina mabonde yanayotunza unyevu baada ya masika. Kote mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na aghalabu hukatika kwa muda Februari.

Kwa hiyo mforosadi ningeupa Masasi. Hupandwa kwa pingili, kama muhogo, mvua zikishatulia, katika mashimo yenye samadi iliyooza. Mwaka wa kwanza usichumwe. Uachwe ushike mizizi. Baada ya hapo ukatwe ukiwa mfupi kila mwanzo wa mvua, uwekewe samadi na matandazo, na baada ya wiki 8 hadi 10 utakuwa umejaa majani. Mti ulioachwa urefuke hutoa kivuli kizuri na majani magumu ambayo kiwavi mchanga hawezi kuyatafuna. Majani yachumwe asubuhi na yafunikwe kwa kitambaa chenye unyevu: laini ya kileleni kwa wachanga, yaliyokomaa kwa wakubwa.

Hapo ndipo kalenda inapoingia, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwenye nyumba hapa ni mkorosho. Tunakumbuka jinsi zao hilo lilivyoporomoka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei, wakulima kuhamishiwa vijijini na ugonjwa wa ubwiri unga vyote vilichangia. Utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, salfa na miche bora vikaliinua tena. Hakuna mkulima atakayeacha kupulizia kwa ajili ya viwavi, wala sitamshauri hivyo. Lakini dawa ya maji inayoua mbu wa mikorosho humuua kiwavi wa hariri vilevile, na upepo haujui mpaka wa shamba. Upuliziaji huanza Mei au Juni. Basi mafungu ya viwavi yaanze Februari na kwisha kabla ya Mei, mforosadi uwe upande unakotoka upepo, na bomba la mikorosho lisiguse majani ya viwavi hata likioshwa. Faida nyingine ni kwamba miezi hiyo fedha za korosho nyumbani zimekwisha. Ubaya ni kwamba ndiyo miezi ya palizi, na mzigo wa kuchuma majani utamwangukia mama mwenye nyumba tusipoupangia watu mapema.

Newala ningeijaribia kiwavi mwingine, wa eri. Huyu hula majani ya mbarika na ya muhogo, mimea inayovumilia mchanga wetu. Assam, huko India, wanamfuga tangu zamani, na Ethiopia wamemfanyia majaribio. Kifukofuko chake kina tundu upande mmoja, kwa hiyo nondo hutoka bila kukata nyuzi. Hariri yake husokotwa kwa mkono kama pamba, bila mtambo, ingawa vifukofuko huchemshwa kwanza kuondoa gundi. Tahadhari yangu ni moja: muhogo ukichumwa majani kupita kiasi, mizizi hudumaa, na kisamvu ni mboga yetu. Mbarika uwe chakula kikuu, muhogo uwe akiba.

Kuhusu banda sitasema mengi. Wachanga wanataka joto la nyuzi 26 hadi 28 na hewa yenye unyevu. Wakubwa wanataka nyuzi 24 au 25 na hewa inayopita, kwa hiyo paa la nyasi ni bora kuliko bati tupu. Miguu ya vichanja isimame katika makopo ya maji kuzuia siafu. Banda lipuliziwe dawa ya kuua vijidudu kabla ya kila fungu, na chokaa inyunyizwe vichanjani, hasa masika ambapo ukungu hushambulia.

Kuna magonjwa ambayo usafi hauyawezi. Pebrini hurithiwa kupitia yai, na Louis Pasteur, aliyeichunguza kusini mwa Ufaransa kuanzia 1865, alionyesha kwamba kinga ni kumpima nondo mama kwa hadubini na kuteketeza mayai ya mgonjwa. Kwa hiyo mayai yatoke kwenye kituo kinachopima, na yakitoka nje ya nchi yaje na kibali.

Sokoni pia tusiige korosho. Korosho husubiri mnada ghalani. Kifukofuko kibichi cha kiwavi wa mforosadi hakisubiri: nondo asipouawa kwa joto mapema, hutoboa na uzi wa mita 1,000 hivi hukatika vipande. Tena kilo 6 hadi 8 za vifukofuko vibichi hutoa kilo 1 tu ya hariri ghafi. Kule Kakamega na Mwingi, Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliweka usokotaji na ufumaji karibu na wafugaji wa hariri ya porini. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, inayotaka kuanza Masasi iwe na kikaushio na mnunuzi aliyetia saini kabla ya pingili ya kwanza kuingia ardhini. Newala waanze na mistari michache ya mbarika pembeni mwa muhogo, na maafisa ugani wapime kila wiki majani yaliyochumwa na mizizi iliyopatikana. Takwimu hizo ndizo ningependa tuzijadili katika semina ijayo.