UONGOZI WA MTOTO HUANZA NA AMANA NDOGO

(Mhadhara wa mwalimu wa madrasa kwa wazazi, baada ya swala ya Alasiri)

 

Nimetakiwa nizungumze juu ya kumlea mtoto mdogo awe raia mwema, kiongozi mwadilifu na mtu wa kushirikiana na wenzake. Mniwie radhi, kwani nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisomesha watoto wa miaka sita hadi tisa. Nilimteua mmoja wao awe kiranja, si kwa elimu wala adabu, bali kwa kimo na sauti yake, maana wenzake walimwogopa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele kila nilipotoka. Siku moja mtoto mdogo kuliko wote alinijia akilia: "Ustadhi, leo sina ubuyu." Sikumwelewa mpaka wengine waliponifafanulia. Aliyempa kiranja ubuyu au karanga hakuandikwa. Asiye na kitu aliandikwa hata kama alinyamaza. Nami, kwa kuiamini karatasi ile, nilikuwa nikiwaadhibu wasio na hatia.

Ndugu zangu, rushwa ile haikutoka serikalini. Ilizaliwa juu ya jamvi langu. Nchi yetu ya Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa mwaka 2007, nalo ni jambo jema. Lakini sheria humkuta mtu amekwisha kuwa mzima. Sisi tunaye angali na miaka sita.

Zawadi ya mwenye cheo

Wamepokea Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea aliigawa mali mafungu mawili, akadai kuwa moja ni la Waislamu na la pili amezawadiwa yeye. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza, lau mtu huyo angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingalimfuata huko?

Swali hilo mtoto hulielewa. Nilimwuliza kiranja wangu: "Lau usingalikuwa na kalamu ya kuandika majina, ungalipewa ubuyu huu?" Akainamisha kichwa, akajibu, "Hapana, Ustadhi." Sikumchapa, kwani kosa la kwanza lilikuwa langu.

Tulivyorekebisha

Kwanza, tuliondoa cheo tukaweka zamu. Watoto watatu hushika juma moja: mmoja maji ya udhu, mmoja majamvi, mmoja misahafu. Mtume (s.a.w.) ameagiza kuwa wasafiri wakiwa watatu wamweke mmoja wao kuwa kiongozi, basi nao huchagua wao kwa wao, na aliyechaguliwa hutangulia kubeba ndoo. Katika kuchimba handaki la Madina, mwaka wa 5 Hijria (627), Mtume mwenyewe alibeba udongo hata vumbi likamfunika tumbo.

Pili, tuliacha kupima kwa kimo. Amr bin Salama (r.a.) aliwaswalisha watu wa kabila lake akiwa na miaka sita au saba, kwa kuwa alihifadhi Kurani kuliko wao, akijifunza kwa misafara iliyopita kwao. Nguo yake ilipoonekana kuwa fupi, watu wazima walinunua kitambaa wakamshonea kanzu, naye akafurahi mno. Tazameni: hawakumcheka wala hawakumwondoa. Walimsitiri upungufu wake, akaendelea kuongoza.

Tatu, tuliweka hesabu. Kila Jumatano jioni, kabla ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, walioshika zamu huketi mbele ya wenzao na kuulizwa. Aliyeonewa husema kwa adabu, naye kiongozi husikiliza bila kukasirika.

Sisemi kuwa mambo yote yalinyooka. Yako majuma maji hayakutekwa, na majamvi yakakunjwa upande. Nilijifunza kusubiri, kwani mtu mzima akiimaliza kazi ya mtoto, huondoka na funzo lake pia. Lakini yule mdogo aliyelia kwa kukosa ubuyu alishika zamu yake, na wa kwanza kumpokea ndoo alikuwa kiranja yule wa zamani.

Ombi langu kwenu

Wazazi wangu, kazi hii madrasa haiwezi peke yake. Msimletee mwalimu zawadi ili mtoto wenu apewe cheo. Akirudi nyumbani, msiulize tu amekuwa wa ngapi; mwulizeni leo amemsaidia nani. Na mtoto akimwona baba akitoa "chai" ili apite foleni, au akiambiwa amjibu mgeni kuwa baba hayupo ilhali yumo ndani, basi mhadhara wangu wa mwaka mzima umekwisha siku hiyo.

Tumefundishwa kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto aliyezoea kuulizwa juu ya ndoo ya maji hatastaajabu akija kuulizwa juu ya mali ya kijiji au ya nchi.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye kutunza amana, na atusamehe sisi tuliozipoteza mbele ya macho yao. Amin. Wabillahi tawfiq.